Mgongo Ni Wangu, Momanyi

Kebirigo, 9 Juni 2024

Mwanangu Momanyi,

Salamu zikufikie huko Doha. Natumaini u mzima na joto halijakuzidi. Huku majani chai yamechipua vizuri, ila siyachumi mimi. Marion, binti ya dada yako, atapiga picha barua hii akutumie, maana kwenye simu wewe hunikatiza. Na nimeandika Kiswahili makusudi. Kwa Ekegusii ningetamka neno ambalo mama hamtamkii mwanawe.

Unajua nilifanya mazoezi wiki sita, nikachomwa pia sindano ya mgongo. Maumivu hayakwisha. Mwezi wa tano, ndara ilipoanza kunitoka mguuni bila mimi kujua, daktari alisema sasa itabidi upasuaji, aiondoe ile gegedu iliyotokeza kati ya pingili za mgongo ikabana neva. Nikangoja kuitwa. Jumatano nikaenda hospitali ya Kisii kuuliza.

Daktari akafungua faili. "Mama, mwanao alipiga simu. Alisema familia haitaki upasuaji."

Familia ni nani? Mimi simo?

Mama yako,
Nyanchoka

Doha, 11 Juni 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Usinikasirikie. Mzee Ogoti wa Marani aliingia kupasuliwa mgongo akitembea, akatoka kwa kiti cha magurudumu. Wewe mwenyewe ulimlilia. Na daktari alikubali kwamba wengi hupona kwa dawa na mazoezi tu. Baba hayupo, mimi ndiye kifungua mimba. Nisiposema mimi, atasema nani?

Endelea na mazoezi. Nitakuja Desemba tuamue pamoja. Nimemwambia mdogo wangu Eric asikupeleke Kisii kabla sijafika.

Mwanao,
Momanyi

Doha, 2 Julai 2024

Mama,

Hujambo? Wiki tatu hujajibu. Eric anasema uliondoka na begi hukumuaga, na Marion hapokei simu. Kama nimekosa, nitukane, lakini nijue uko wapi.

Mwanao,
Momanyi

Kebirigo, 20 Julai 2024

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi niko nyumbani.

Siku chache baada ya barua yako nilianguka nikienda kuteka maji. Mguu haukuinuka, basi. Nililala pale matopeni nikikuwaza, na sikukuwaza vizuri. Kwamboka wa kanisani ndiye aliyeniinua, akanifungashia begi na kunipeleka Kisii. Daktari alitaka kukupigia kwanza. Nikamwambia, "Mgonjwa ni mimi, na kalamu naijua." Nikatia sahihi.

Nilipozinduka, ule moto wa kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu ulikuwa umezimika. Nililia. Lakini wayo bado haunyanyuki. Daktari anasema neva iliyobanwa muda mrefu huenda ikarudi polepole, huenda isirudi. Nikamwuliza, je, kama angenipasua mwezi wa tano? Akaniandikia mazoezi ya mguu.

Sikukasirika kwa sababu uliogopa. Hata mimi niliogopa, hasa nikimkumbuka Ogoti. Nimekasirika kwa sababu mliongea juu ya mgongo wangu, wewe na yule daktari, kama watu wanaouziana ng'ombe, na ng'ombe haulizwi. Mimi ndiye niliyekuzaa kwa mgongo huu.

Hasira hii sijui itakwisha lini, na sitakudanganya kwamba imekwisha.

Desemba njoo. Chakula kitakuwepo. Ila ukiniona naburuta mguu uani, usikimbie kunishika. Ngoja nikuite.

Mama yako,
Nyanchoka