Upande wa Juu wa Kiwanja

Jumatatu, 3 Machi

Leo walimu walikuwa na kikao hadi chai yao ikapoa. Mama alitoka wa mwisho. Nilimwona kupitia dirisha la darasa letu: alisimama kwenye korido akijifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Hakuwa anatafuta kitu. Namjua.

Nyumbani ndipo alipotoboa siri. Mtaala mpya umetufikia hata sisi wa shule binafsi. Jiografia na historia za madarasa ya chini zinakuwa somo moja, na somo moja linataka mwalimu mmoja. Ama yeye wa jiografia, ama mwalimu wa historia. Mkurugenzi (ndiye mwenye shule, mwenye kila kitu hadi kengele) ataamua baada ya mshauri kuja. Huyo mshauri anatumwa na umoja wa shule binafsi kuwasaidia walimu wa jiografia waingie kwenye mtaala mpya bila kuumia. Mama alilitamka hilo neno "kuwasaidia" kama mtu anayetema mbegu.

Amekula amesimama. Mama akila amesimama, mimi naosha vyombo bila kuambiwa.

Naandika hapa kwa Kiswahili. Kiingereza changu ni cha kujibu mitihani. Cha kuogopea ni hiki.

Jumatano, 5 Machi

Mshauri amekuja. Nilitegemea mtu wa tai. Kumbe ni baba mmoja mwembamba, begi mgongoni kama sisi, sauti ya mtu aliyezoea kubembeleza walimu. Akaja kuketi nyuma, dawati la pembeni yangu! Magoti yalimfika kidevuni.

Mama akaanza kama siku zote — anasoma nukuu, sisi tunaandika. Sehemu za bonde la mto. Anasoma, anameza mate, anasoma. Mshauri akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akaomba atuulize jambo. Nani kati yetu amewahi kupima kitu chochote nje ya darasa?

Hakuna mkono uliopanda. Hata Redio alinyamaza, na yeye hunyamaza akilala tu. (Redio anakaa mbele yangu. Jina lake halisi nadhani hata walimu wamelisahau.)

Kisha akamgeukia Mama, kwa upole kabisa, akamuuliza hilohilo. Mama akacheka kile kicheko cha wageni wamefika na nyumba haijafagiliwa. Akafunua ukurasa mwingine.

Basi imeamuliwa. Tutachora ramani ya kiwanja kipya, kile alichonunua Mkurugenzi nyuma ya ukuta wa shule. Tutapima wenyewe, na tutaiwasilisha mbele ya Mkurugenzi mwenyewe. Mwalimu wa historia alikuwa mlangoni anasikiliza. Akampongeza Mama, eti naona mwenzangu umeshaingia ufundi ujenzi. Mama akamjibu kuwa afadhali yeye, anafundisha vitu vinavyoonekana, si wafalme waliokufa. Wote wawili wakacheka. Hakuna aliyekuwa anacheka kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzuri. Naogopa hata kuiandika isije ikaharibika.

Kile kiwanja ukikitazama ni bapa kama meza. Nyasi kavu, vichuguu, mifuko ya plastiki. Lakini tulikuwa na mpira wa maji, ule mrefu unaoonyesha ndani. Unaujaza. Mmoja anashika mwisho huu, mwingine mwisho ule. Maji yakitulia yanakuwa usawa mmoja pande zote mbili, halafu kila mtu anapima kutoka kwenye maji hadi chini. Ardhi ikiwa mbali zaidi na maji, hapo ni pa chini. Macho hayana kazi hapo.

Redio alishika upande wa geti la barabarani, mimi upande wa ukuta wa shule. Alikuwa anatangaza kama mpira uko fainali: pandisha, shusha, dada wa ukutani analoweka soksi za taifa. Nimeshika ule mwisho asubuhi nzima, kwa hiyo najua kwa mikono yangu. Getini ndiko juu. Kuelekea ukutani kunashuka polepole, na katikati kuna kijibonde, kinatoka getini hadi ukutani, kimejificha kabisa. Mvua ikinyesha, maji yote ya barabarani yatapita pale.

Mshauri hakuwepo, alikuwa na shule nyingine. Mama aliandika vipimo, jasho puani, akaniita "mpimaji" mbele ya watu. Nikasahau kuona aibu. Kweli nilisahau.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameichora ramani upya kwenye karatasi ya manila. Yetu ya penseli ilikuwa na alama za vidole na doa la maji, na Mkurugenzi anapenda vitu safi.

Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu za kimo kimoja, ameinakili sawasawa, mkono wake mzuri. Kisha akaanza kuweka namba za vimo. Kubwa juu ya karatasi, ndogo chini.

Lakini kwenye ramani yetu geti liko chini ya karatasi! Namba kubwa zilitakiwa ziwe huko chini. Ila zile ramani za mitihani anazofundishia tangu sijazaliwa, zote zinapanda kuelekea juu ya karatasi. Mkono umezoea. Nadhani hata hakufikiri.

Na ukigeuza namba, mistari ileile inageuka maana. Bonde linakuwa mgongo, yaani mwinuko. Pale maji yanapopita panakuwa ndipo pakavu kuliko pote.

Nikasema, Mama, hizo namba. Akasema nisiguse meza, wino mbichi. Nikasema tena, ila kwa ile sauti yangu ambayo hata mimi siisikii. Akaniuliza kama nimeshapiga pasi sketi ya kesho.

Nikaenda kupiga pasi.

Jumatatu, 10 Machi

Tumewasilisha ramani leo.

Redio ndiye aliyewasilisha. Kasoma kilichoandikwa pale, na kasoma vizuri, kijiti mkononi, Kiingereza cha puani. Huku juu, huku chini, na hapa katikati ni mgongo. Nilikuwa namtazama nikisubiri ashtuke. Hakushtuka. Yeye siku ile alikuwa anatangaza mpira, hakuwa anatazama namba.

Mshauri aliikodolea ramani kwa muda. Akauliza upande upi ndio wa juu. Redio akagonga kijiti juu ya karatasi. Mshauri akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu.

Halafu Mkurugenzi akasimama. Akasema miaka yote analipia somo hili bila kujua lina faida gani, leo kaiona. Madarasa ya chekechea atayajenga palepale kwenye mgongo, ili watoto wakae pakavu. Ameshapata fundi. Na hilo somo jipya, akasema, tayari lina mwenyewe. Akamwonyesha Mama kwa kiganja. Watu wakapiga makofi.

Na mimi nilipiga.

Mwalimu wa historia alipiga makofi kuliko wote. Baadaye nikamwona anafuta ubao ambao ulikuwa safi.

Alhamisi, 13 Machi

Vigingi vimesimama kiwanjani, na kamba nyeupe. Kijibonde kiko katikati ya kamba kabisa. Nimekwenda wakati wa mapumziko nikasimama pale. Watoto wa chekechea walikuwa wanachungulia kwenye tundu la ukuta, wananiuliza kama pale ndipo kwao. Nikakimbia. Mtu mzima mimi, nimekimbia watoto.

Nikamwambia Redio. Mara ya kwanza namsemesha mimi, siyo yeye mimi. Akachora kontua mchangani kwa kidole, akazigeuza namba, akafuta kwa kiatu. Rangi ikamtoka.

"Ramani ni ya Ticha," akasema. "Mimi nilisoma tu. Na Ticha ni mama yako. Sasa unataka tuseme nini, na kwa nani?"

Akaniomba nisimtaje. Redio, ambaye hutangaza hadi ugomvi wa kwao.

Ijumaa, 14 Machi

Wameanza kuchimba. Mawingu upande wa geti. Hayakudondosha kitu.

Sijala mchana. Kila mtu anamwita Mama "mtaalamu". Na yeye kila akiitwa hivyo anashika shingo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesema.

Tulikuwa tunaanika nguo. Nilikuwa nyuma ya shuka, hanioni, nikasema yote kwa mkupuo: geti, ukuta, namba, bonde. Nikasubiri anipige au ashangae.

Upande wa pili wa shuka nikasikia ndoo ikipinduliwa. Kisha akasema, "Najua, mwanangu."

Amejua tangu Jumatatu! Pale mshauri alipouliza upande wa juu, na kile kijiti kikagonga karatasi, ndipo alipoliona kosa lake. Lakini Mkurugenzi alikuwa ameshasimama. Tangu hapo anangoja fundi aone mwenyewe, fundi ana macho. Jana akapita kiwanjani, akamuuliza kama pamekaa sawa. Fundi akamjibu kwa heshima kabisa kwamba pako sawa tu, Mwalimu, si mmepima nyie wenyewe wasomi, mimi ni nani niwapinge.

Nikatoka nyuma ya shuka. Mama alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sijawahi kumwona mdogo hivyo.

"Kontua nimezifundisha maisha yangu yote," akasema. "Sijawahi kuzikanyaga hadi Ijumaa ile. Nikisema sasa, watasema hata somo lake mwenyewe halijui. Na watasema kweli."

Nikamuuliza, na tusiposema? Akachukua vibanio vya nguo akaanza kuvipanga. Nikamuuliza tena — kwa sauti, ile ya watu wengine. Akasema nisimkabe.

Sasa tunaogopa wawili, nyumba moja. Nilidhani nikisema nitapata nafuu.

Jumatatu, 17 Machi

Mshauri amerudi, na amekuja na walimu wa jiografia wa shule nyingine binafsi. Wanazunguka kuona jinsi mtaala mpya unavyofundishwa nje ya darasa. Sisi ndio mfano. Sisi!

Kabla hawajamaliza chai Mama alikuja darasani, akaniita koridoni. Shuleni hunisemesha Kiingereza kama mtoto wa mtu mwingine. Leo Kiswahili. Mshauri ameomba leo aongee mwanafunzi ambaye siku ile hakuongea, na Mkurugenzi akasema basi awe binti wa Mwalimu mwenyewe. Nikamwambia siwezi.

Akanirekebisha kola. Mikono yake ilikuwa ya baridi kuliko yangu.

"Wakikuuliza, kabla hujajibu nitazame mimi kwanza," akasema.

Nikutazame ili iweje, Mama? Akawa ameshaondoka.

Tuko kiwanjani. Mshauri ametuambia tutoe madaftari tuandike tunachokiona, hakuna jibu baya. Kila mtu anaandika, kwa hiyo na mimi naandika humu, hakuna anayejua.

Naona: mtaro wa msingi, mrefu, udongo umerundikwa pembeni. Walimu wageni wamejikinga jua kwa madaftari. Redio yuko nyuma kabisa, anatazama viatu. Mwalimu wa historia amekuja pia, hakuna aliyemwita. Fundi na vijana wake wamemaliza kuchanganya zege, toroli limejaa, lakini Mkurugenzi amemwambia asubiri, anataka wageni waone likimwagwa la kwanza. Ramani ya Mama imebandikwa kwenye ukuta, upepo unainua pembe moja na Mama anaikandamiza kwa kiganja.

Mshauri anauliza. Tukiwa tumesimama hapahapa, bila karatasi, upande wa juu uko wapi? Anapitisha macho. Kalamu yake imesimama kwangu.

Nimemtazama Mama.

Hanitazami. Ameuachia ukuta. Anatazama chini, kwenye nyasi, kwenye mtaro, na macho yanaondoka pale polepole, yanapanda na kiwanja, yanapita vigingi, yanapita rundo la udongo.

Mkurugenzi anasema kwa kucheka, usiogope, sema tu, mama yako si yuko hapa. Fundi ameinua mikono ya toroli. Mshauri amerudia swali kwa Kiswahili, labda anadhani sijaelewa.

Macho ya Mama yamefika getini. Hayatoki huko.