Maneno Yenye L na R

Kwako tata, baba yangu, huko uliko,

Jumapili hii mjukuu wako Neema alikuwa anachezea simu yangu hapa nyumbani Ibighi. Kuna mchezo wa maneno ya Kiingereza: unapewa herufi, unatafuta maneno yaliyo nazo. Akakwama, akasema, "Mama, nitajie neno lenye L na R." Kabla sijafungua mdomo akawa ameshaiuliza simu yenyewe, na simu ikamwaga maneno mpaka kidole chake kikachoka kuyasogeza. Yeye akaendelea na mchezo wake. Mimi nilibaki nimeduwaa, nakuwaza wewe.

Unakumbuka kidato cha kwanza? Niliandika kwenye insha, "My father glows bananas." Nilitaka kusema baba yangu analima ndizi, kumbe nimesema baba yangu anawaka ndizi. Mwalimu akaisoma kwa sauti, darasa zima likaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo nikaitwa Taa. Nilirudi nyumbani Lupepo nikakwambia shule basi, bora nichume chai. Na sikuwa natania.

Hukunigombeza. Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kupima majani ya chai, kikapu bado mgongoni. Ukasema, "Andika yote mawili niyaone." Nikaandika grow na glow. Ukayatazama kwa muda mrefu, wewe uliyeishia darasa la nne. "Hiki ni kijiti kitupu," ukasema ukigusa l, kisha ukagusa r. "Hiki kina jani. Masikio yetu sisi hayawezi, kwetu sauti ni moja. Basi tutumie macho. Kesho ludi shule."

Mpaka leo sijui niielezeje kazi uliyoianza. Ulichukua ile kamusi kuukuu ya Kiingereza uliyopewa na mchungaji, isiyo na jalada, ukaanza na ukurasa wa kwanza. Kila ukitoka shambani ulikaa mlangoni penye mwanga, unapitisha bua la nyasi chini ya kila neno, na kila lenye vijiti vyote viwili ukalinakili kwenye daftari. Early. Floor. Girl. Hukujua maana ya hata moja. Siku ulipofika kwenye world, ukurasa wa mwishomwisho, uliniita kutoka jikoni.

"Hili maana yake nini?"

"Dunia, baba."

"Kumbe dunia ina vyote viwili," ukasema, ukaliandika.

Muda wote huo ulikuwa unanipima pia. Ulifunika herufi kwa kidole gumba cheusi kwa utomvu wa migomba, ukauliza, "Kitupu au cha jani?" Nikikosea, unanirudishia neno lilelile kesho yake, bila kunicheka. Mvua ya kwetu unaijua, wiki nzima haikati, nasi tulikaa pale mlangoni na maneno yetu. Nilipoingia kidato cha pili hakuna tena aliyeniita Taa. Leo mimi ndiye ninayefundisha Kiingereza hapa Tukuyu.

Juzi nikajaribu kazi yako. Nilikaa na kamusi saa nzima. Nilimaliza kurasa tatu, macho yanauma, na niliporudia nikakuta nimeruka maneno manne. Halafu nikachukua daftari lako, ambalo mama alinipa baada ya msiba, nikapitia herufi G yote nikilinganisha na kamusi yako ileile. Hukuacha hata neno moja. Nilikaa chini sakafuni.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa barua ya kukushukuru tu. Lakini nilifungua na kurasa za mwisho za daftari.

Siku wakwe zangu walipokuja kwa mara ya kwanza, ulitoka mwenyewe kuwapokea. "Kalibuni, kalibuni sana. Habali sa safali?" Mimi mwalimu mpya, naogopa wasinione mshamba, nikakusahihisha mbele yao: "Ni karibuni, baba. Siyo kalibuni." Wageni wakacheka kwa adabu. Na wewe ukatabasamu, nikaona yamekwisha.

Baada ya hapo ulibadilika kidogo. Wageni ukawa unawaambia, "Ingieni, ingieni ndani." Siku ya ndoa yangu kila aliyesimama alisema amefurahi, wewe ukasema, "Leo moyo umejaa." Nilisimulia watu jinsi baba yangu anavyojua kusema.

Kumbe ulikuwa kazini. Kurasa zile za mwisho si za Kiingereza. Ulisaka maneno ya Kiswahili yenye kile kijiti cha jani, nadhani kwenye Biblia yako, ukayakata kwa mstari, na mbele ya kila moja ukaandika lisilo nacho. Karibuni, ingieni. Safari, mwendo. Nimefurahi, moyo umejaa. Kwaheri, nenda salama. Miaka yote ile uliongea na watu wangu ukiikwepa herufi moja, ili mimi nisione aibu. Nina cheti cha lugha, baba, na nisingeweza kufanya hivyo hata kwa muda wa mlo mmoja. Sijui ulikuwa mtu wa namna gani.

Neno la mwisho kabisa ni Rehema. Umelikata, mstari umetetemeka, na mbele yake umeandika "mwanangu". Nikakaa nikakumbuka. Ni kweli, tangu siku ile ya wakwe hukuniita tena kwa jina, jina ulilonipa wewe mwenyewe, na mimi sikugundua.

Ndaga fijo, tata, asante sana kwa kila neno ulilonitafutia. Nisamehe kwa yale niliyokunyang'anya. Kama huko mnaitana, niite vilevile ulivyokuwa unaniita, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nitaitika.

Mwanao,
Lehema