Gari la Zimamoto Lililofika Bila Tone la Maji

KITUO CHA POLISI CHA MJINI
MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU KIFO CHA FUNDI CHEREHANI, GHOROFANI, MTAA WA MAFUNDI

Jina: Mama Simu (ndilo analofahamika nalo)
Umri: Miaka 52
Kazi: Mpokea simu, kituo cha zimamoto cha manispaa
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kituo hicho
Tarehe: 13, Jumanne

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimekubali. Hata bila kuelezwa, yupo anayenisikia zaidi yako, afande, na huyo sithubutu kumdanganya.

Elimu yangu ni ya darasa la saba. Nimepokea simu za moto kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ni kumsikiliza mtu anayelia, kumuuliza yuko wapi, na kumwambia gari linakuja. Gari tunalo moja. La pili liko juu ya mawe tangu bajeti ya mwaka juzi, kuku wa mlinzi wanataga ndani yake. Bomba la kujazia maji pale kituoni lilikatwa kwa sababu manispaa haikulipa ankara, kwa hiyo tunajaza bwawani, nje kabisa ya mji. Mishahara nayo ilikuwa haijatoka kwa miezi minne. Sisemi haya kwa kulalamika. Bila kuyajua haya hutaelewa kwa nini tulikubali.

Dereva wa gari letu mliyemweka ndani ni shemeji yangu, amemwoa mdogo wangu wa mwisho. Tunamwita Taratibu kwa sababu hajui maana yake.

Mnamo Ijumaa tarehe 9, yapata saa nane mchana, nimetoka tu kusali, simu ya kituo iliita. Alikuwa Diwani, yule mwenyekiti wa kamati ya fedha. Sauti yake naijua vizuri. Alisema, "Mama, mkutano wangu wa mwisho ni saa kumi na uwanja wa stendi ya zamani ni vumbi tupu. Wiki iliyopita watu waliondoka wakipiga chafya. Nimwagieni maji."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, hayo ni maji ya moto."

"Basi yapozeni kwanza," akasema, akacheka sana. Kisha akaacha kucheka. "Jumapili ni uchaguzi. Nikirudi kwenye kiti changu, mishahara yenu nitaitetea mimi. Nisiporudi, kamwombeni huyo mwingine. Na tangi lisiwape hofu, boza langu la maji litakuwa pale pale uwanjani, litawajazia."

Sikuwa na mkubwa wa kumuuliza. Mkuu wetu wa kituo alistaafu mwaka jana na nafasi yake haijajazwa, fedha hakuna. Nikatoka nje nikamweleza Taratibu, aliyekuwa anapangusa vioo vya gari.

"Shemeji, siku hizi tunamwagilia bustani?"

"Bustani ya mishahara," nikamjibu.

Alicheka, halafu akanitazama. "Na hilo boza lipo kweli?"

"Amesema lipo."

"Haya. Ukisikia nimegombea udiwani, ujue nimeanzia hapa." Akaondoka na wenzake wawili.

Saa kumi kasorobo simu iliita tena. "Mama Simu, ni mimi Bibi Harusi." Huyo ndiye marehemu. Watu walimwita hivyo kwa kuwa alishona magauni ya harusi ya mji mzima. Yeye hakuolewa, na wa kwanza kulicheka jina hilo alikuwa yeye mwenyewe. Gauni la mdogo wangu, siku anaolewa na Taratibu, alilishona yeye.

Alisema duka la magodoro la chini linawaka, ngazi imeshika moto, yuko peke yake juu, na madirisha yote yana nondo. Nikamwambia afunge mlango, azibe chini kwa vitambaa vilivyolowa, gari linakuja.

"Vitambaa ninavyo vya kumwaga," akasema. "Maji ndiyo sina. Fanyeni haraka, mpenzi."

Nilimwita Taratibu kwa redio ya kazini nikamwambia Mtaa wa Mafundi, mtu yuko ndani. Akasema, "Shemeji, tangi limekauka. Boza halijaonekana. Sina hata ya kunawa uso." Nyuma yake nilisikia vipaza sauti na watu wakipiga makofi. Kwenda bwawani, kujaza na kurudi kunapita saa nzima, na hilo sote wawili tulilijua. Akasema, "Naenda hivi hivi."

Bibi Harusi hakukata simu. Nilikuwa namsikia akikohoa. Aliniuliza gari limefika wapi, nikamwambia liko njiani. Baadaye akasema, "Nakisikia king'ora. Mungu ni mwema." Baada ya hapo sikumsikia tena.

Yaliyofuata sikuyaona, nimeambiwa na wale wenzake wawili. Watu waliliachia gari njia wakishangilia. Mpira wa maji ulipofunguliwa ukatoa upepo. Taratibu alivaa koti lake akapanda ile ngazi, moto ukamrudisha na nyusi zimeungua. Watu wakalipiga gari mawe, na polisi wakamchukua.

Jumapili tulimzika Bibi Harusi. Diwani alikuja, akasema mbele ya jeneza kwamba dereva mmoja asiye na nidhamu alichukua gari la umma kwa mambo yake binafsi. Aliponifikia alinishika mkono akasema, "Pole, mama." Nikaitikia. Jioni alitangazwa mshindi.

Leo asubuhi mishahara ya miezi yote minne imetoka kwa mpigo, kituo kizima. Nilipouona ujumbe kwenye simu nilipiga magoti nikashukuru, nikavaa, nikaja hapa. Mdogo wangu amekaa kwenye benchi lenu nje, amemletea mumewe nguo safi. Hajala tangu Ijumaa.

Naomba iandikwe kwamba Taratibu alitumwa. Aliyemtuma ni Diwani, na ujumbe niliufikisha mimi. Simu ile ya Diwani haikusikiwa na mtu mwingine, ndiyo maana nimekuja.

Niliyoyasikia na niliyoyajibu ni hayo, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Kumbukumbu ya mwandishi: Mimi, koplo wa zamu, nimechukua maelezo haya, nikamsomea shahidi, naye akakubali kuwa ni sahihi. Baada ya yeye kutia sahihi nilimjulisha kwamba dereva alitoa maelezo yake jana jioni, baada ya kutembelewa na wakili wa manispaa, na amekiri kwamba alilipeleka gari uwanjani kwa hiari yake na hakutumwa na mtu yeyote. Shahidi aliuliza kama mshahara uliotoka leo unaweza kurudishwa, hata wa kwake peke yake. Nilimjibu kwamba hilo si jambo la polisi. Aliomba akae ndani kidogo kabla ya kumfuata mdogo wake nje. Nilimruhusu.