Yusta, Inuka Kwenye Hicho Kiti

Lusaka, Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu Yusta,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote hapo Iyula. Kabla hujauliza: kuanzia kiunoni kwenda juu mimi ni mzima kabisa, nakula na nagombana na watu kama kawaida yangu. Kahawa mmemaliza kuchuma? Na mvua, imewapa au imewanyima? Mwambie mkweo Neema, anayekusomea barua hii, asiruke mstari hata mmoja, hata pale nitakapomtaja yeye. Ningepiga simu, lakini kwenye simu unanikatiza.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori aliyetoka Tunduma. Umeandika kwamba magoti yako nayo yanauma, na kwamba tangu mwaka jana umefuata ushauri wangu: umetulia kwenye kiti, Neema anachota, anapika, anakuletea hadi maji ya kunawa. Niliposikia hayo nililia, Yusta. Ushauri ule ulikuwa wa kijinga, na ni mimi niliyeutoa.

Unajua magoti yangu yalikoharibikia. Biashara ilipofunguliwa nilivuka mpaka pale Tunduma miaka na miaka, gunia la mchele kichwani, kwa njia za panya ili kukwepa ushuru. Nilipokuja huku kwa mwanangu wa kiume, daktari alinipiga picha akasema gegedu za magoti zimelika, mfupa unasaga mfupa. Mkwe wangu akanionea huruma. Kila nikijaribu kuinuka: "Mayo, ikaleni." Mama, kaeni. Nami nikakaa. Miaka miwili nimeketi kama bibi harusi, nikakuandikia kwa majivuno kwamba mkwe mwema ndiye dawa ya magoti.

Halafu asubuhi moja nikashindwa kuinuka chooni. Walinitoa watu wawili, mmoja wao mwanangu mwenyewe. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Ndipo wakanipeleka hospitali kwa mama mmoja wa mazoezi, Mama Bwalya. Ana kisanduku ukubwa wa redio, kina taa kumi zilizopangwa mstari. Anakubandika juu ya paja vibandiko viwili vyenye nyaya, anakuwekea taulo lililokunjwa chini ya goti, kisha anakuambia ulikandamize. Msuli wa paja ukifanya kazi, taa zinawaka moja moja kulingana na nguvu yake. Siku ya kwanza vibandiko viliteleza, kwa sababu nilikuwa nimejipaka yale mafuta yako ya mnyonyo hadi nyongani. Akanifuta kwa spiriti huku akinicheka.

Kisha nikakaza. Nilikaza meno, shingo, hata ngumi. Hakuna taa.

"Mashine yenu mbovu," nikamwambia kwa Kibemba changu cha sokoni.

Akavibandua vile vibandiko pajani mwangu. Alivibandika kwenye paja lake, akakaza, zikawaka zote kumi. Akavirudisha kwangu. Hakuna hata moja.

"Mama, mmekaa muda gani bila kutembea?"

Nikasema miaka miwili. Akasema goti lililolika linashikiliwa na msuli wa paja, na msuli usiotumika unanyauka mpaka ukiuamuru hausikii. Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, akaangua kilio. Nimlaumu vipi? Alikuwa ananipenda, na mimi nilipenda kutumikiwa.

Huu ni mwezi wa nne wa mazoezi. Mguu wa kulia unawasha taa tano. Wa kushoto unawasha moja, na siku nyingine hata hiyo haiwaki, nakitazama kile kisanduku mpaka macho yanauma. Mama Bwalya hanidanganyi, anasema huenda ukabaki hivyo hivyo. Ule mlima wa kwetu sidhani nitaupanda tena kwa miguu yangu, na hilo linanitesa kuliko maumivu.

Wewe hujafika huko. Mwaka mmoja si miwili. Neema mwanangu, hapa soma polepole. Nakushukuru kwa heshima yako, lakini ndoo mrudishie mama, hata iwe nusu. Majirani wakisema unamtesa mkweo, waambie ni amri ya mama mkubwa wa Lusaka, yule mkorofi. Wanamfahamu.

Nisalimie kaka yetu mkubwa, na shemeji mzee wa kanisa, na yule jirani wa bondeni tuliyekuwa tukivuka naye na mchele. Muulize na yeye magoti yake yakoje.

Mashine huko hamna, ila kiganja unacho. Neema, ukimaliza kusoma mpaka mwisho, kunja kanga uiweke chini ya goti la mama, kisha geuka utazame nje, maana ni mkweo. Yusta, nyoosha mguu, weka kiganja juu ya paja, kandamiza kanga na uhesabu hadi tano. Kiganja kitakuambia kama msuli umekaza. Usinifurahishe, mdogo wangu, nataka ukweli, hata ukiwa mchungu. Unijibu neno moja tu: gumu, au laini.

Ni mimi dada yako Eliza, yule yule aliyekuambia ukae.