Swichi Zilizogoma Kuachia

Jumatatu, 3 Machi
Swichi tisa kati ya kumi zimenasa tena! Kila moja ni ukanda wa dhahabu, mwembamba kuliko unywele. Umeme ukiuvuta, unashuka vizuri, mawimbi ya redio yanapita, raha tupu. Umeme ukikatwa — kupanda, ng'o! Na tunazijenga ndani ya saketi yenyewe, kwa hiyo ikigoma moja, chipu nzima takataka. Mkuu wa maabara katupa muda hadi Ijumaa tu.

Mume wangu kauliza: hiyo swichi isiyoonekana inawasha taa gani? Nimemnunia mpaka chakula kikapoa.

Jumanne, 4 Machi
Mchawi nimeshamjua! Fundi wa vifuniko. Mimi napima chipu zikiwa wazi, zinapita. Yeye akizifunika, zinanasa. Basi vifuniko vyake vinaingiza unyevu, ndio unaozigandisha swichi. Nimemwandikia mkuu kurasa mbili, na michoro. Fundi kaniuliza tu kama nina hakika. Mia kwa mia, nikamwambia. Nimejipongeza kwa vikombe vinne vya chai.

Jumatano, 5 Machi
Birika langu la umeme limekufa. Siku nzima bila chai! Nimegombana na printa.

Alhamisi, 6 Machi
Chipu za jana: kumi kwa kumi! Mashine imewasha na kuzima swichi zake mara laki moja, hakuna iliyonasa. Nimeruka kama mtoto.

Halafu nikakaa. Fundi yuleyule, vifuniko vilevile. Jana kimebadilika nini? Nikatazama meza yangu. Trei ya chipu wazi hapa. Birika hapo — shibiri moja tu. Mvuke wote ule, wiki tatu nzima... Mama yangu wee! Unyevu ni wangu; fundi aliufungia ndani tu.

Nimemtafuta fundi, kaondoka mapema. Nimemwandikia mkuu ujumbe, nikaufuta. Mara mbili. Dada yangu kwenye simu kacheka mpaka kapaliwa, kisha kauliza: kwani huyo fundi atafanywaje? Nikakata simu. Naona aibu, jamani.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika kikaoni, daftari chini ya meza. Mkuu anasifu matokeo. Eti barua yangu ndiyo iliyomnyoosha fundi! Hata hivyo, kuanzia Jumatatu fundi anahamia stoo. Na msimamizi mpya wa mradi — mimi! Makofi. Fundi naye anapiga.

Mkuu anataka niseme neno. Wote wamenigeukia, nami bado nakazana na kalamu. Fundi kanisogezea glasi ya maji. Usiogope, dada, ananong'ona, sema tu —