Delko ya Népomuscène

Buyenzi, Bujumbura
Machi 1996

Kwako kaka yangu Khaled,

Assalaam aleikum. Kabla ya yote nakuuliza hali, wewe na wifi yangu Fatouma na watoto wote hapo Kigoma. Ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepoa? Sisi huku, alhamdulillahi, tunapumua. Risasi bado zinalia upande wa Carama, barieri za askari ni zilezile, sukari imepanda, lakini nyumba imesimama na Mama bado anasali kwa kusimama. Mi mwenyewe ni mzima wa mwili. Ni kinyaa tu kimenikaa kooni tangu juma lililopita, hata chai ya tangawizi haikishushi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Nitakueleza mambo kama yalivyofuatana. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unamjua Népomuscène, yule muuguzi wa Carama, rafiki wa marehemu Baba. Mwaka jana walipofukuzwa kule, alivuka mpaka kwenda Uvira na mkewe Odette na watoto, maana kwa watu wa kabila lao kupita barierani na gari siku zile ilikuwa kujitafutia kifo. Corolla yake ya zamani akailaza hapa uwanjani kwetu chini ya turubai. Kwa kuwa magari ya waliokimbia yalikuwa yanaibwa mchana kweupe, alifanya kama wanavyofanya wengi siku hizi: aliing'oa delko. Bila delko ya kugawa umeme, buji, yaani plagi za injini, hazipati moto, na gari lisilo na moto ni banda la kuku tu. Hiyo delko alimkabidhi Mama peke yake, na Mama akaifungia katika sanduku lake, ndani ya sanda aliyojiwekea. Hata mimi ninayelala chumba kimoja naye sikujua iko wapi. Amana ni amana, ndivyo alivyotulea.

Siku chache baada ya Idi, ndugu yetu Massoudi aliingia kwa Mama na uso wa msiba, kofia mkononi. Alisema umempigia simu kumwambia Népomuscène amefariki Uvira kwa kipindupindu. Mama alilia kama aliyefiwa na mtoto wa tumbo lake. Aliweka matanga, Mwislamu kwa ajili ya Mkristo, majirani wakanong'ona, wengine wakacheka chinichini, ingawa wali waliula wote. Matanga yalipokwisha, Massoudi akasema haki ya mjane isioze uwanjani, gari liuzwe na pesa apelekewe Odette. Akamwomba Mama afungue sanduku atoe delko iliyo kwenye sanda. Mama akafungua. Nilijiuliza kalijuaje hilo sanduku, halafu nikasema labda neno limemponyoka Mama mwenyewe katika kilio chake.

Massoudi huyu anauza spea sokoni lakini mafuta ya gari hayajawahi kumgusa kucha. Nilipotaka kumsaidia alisema kazi hiyo si ya wanawake. Haya! Aliona alama ya puli, lile gurudumu la mkanda, imelingana na alama ya injini, akaridhika, akaichomeka delko, akawasha. Astaghfirullah! Injini ilikohoa, kabureta ikatema moto, kisha ekzosi ikalia paa, paa, kama bunduki. Mtaa mzima ulilala chini. Muuza vitenge wa ng'ambo aliingia chini ya meza yake, bibi mmoja mwenye kisukari alianguka kwenye mtaro, na watoto wakaanza kulia. Na bwana huyu, badala ya kutoka aombe radhi, alicheka mpaka akashika mbavu. Watu wanazika kila siku, yeye anacheka! Kinyaa changu kilianzia hapo.

Nilimwondoa nikashika mwenyewe. Nilimweleza kwamba ile alama huja mara mbili: mara moja pistoni ya kwanza inapanda na hewa imebanwa, mara ya pili inapanda inatoa moshi tu, na yeye aliifuata ile ya moshi. Niliitoa delko. Nikafungua buji ya kwanza, nikaziba tundu lake kwa kidole kama alivyokuwa akifanya Baba, nikamshikisha Massoudi spana azungushe puli taratibu, na shati lake jeupe hivyohivyo. Hewa ilipokisukuma kidole changu, nikamwambia aende polepole mpaka alama zikutane, asimame. Meno ya delko yamekatwa mshazari, kwa hiyo ikishuka inajipinda. Ndiyo maana ile rota ya ndani, inayozunguka kugawa moto, unairudisha nyuma kidogo kabla hujaishusha, ili ikikaa iangalie waya wa buji ya kwanza. Ilikaa vizuri. Nilikaza bolti nusu, akawasha, nikawa naigeuza delko kidogo kidogo huku nasikiliza, mpaka mngurumo ukatulia, nikakaza kabisa.

Mama alitoka nje, akasema ni kama mwenyewe karudi. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilidhani nimewafanyia mayatima kazi ya thawabu.

Massoudi akaenda mtaa wa Asiatique kumleta mnunuzi. Hajafika hata kwenye lami, akaingia Byamungu, yule Mkongomani anayeuza vitenge kati ya Uvira na hapa, ambaye hulala kwetu akikosa gari la kurudi. Alimpa Mama kopo la mawese, akasema limetoka kwa Népomuscène, anamsalimia sana. Mama alimwuliza Népomuscène yupi. Byamungu akashangaa, akasema ni yuleyule muuguzi, kwani kuna mwingine? Amemwacha jana anadunga watoto sindano, mzima kabisa, kanenepa hata.

Mama hakulia safari hii. Aliingia ndani, akavaa baibui lake, akaja akakaa kiti cha mbele cha gari na kusema twende. Nilimwambia Massoudi atarudi na mnunuzi. Akanijibu kwamba ndiyo maana tunaondoka sasa. Nikashika usukani kuelekea Uvira.

Mpakani Gatumba askari walichungulia, nikasema namvusha mama mgonjwa. Uso wake ulikuwa umebadilika hata sikuhitaji kuapa, wakatufungulia. Njia nzima Mama alikuwa anakutetea, kaka. Alisema Massoudi amelipaka tope jina lako, kwamba Khaled apana, Khaled hawezi kumzika mutu muzima, mutoto huyo kamnyonyesha yeye na anamjua. Nami nikamuunga mkono. Niliapa nitakuandikia ujue ndugu yetu anavyotumia jina lako.

Népomuscène alipoliona gari lake alikaa chini, akashika tairi, akalia. Alisema sasa atalifanya teksi, watoto watakula bila kupanga foleni ya unga wa wakimbizi. Odette alimwita jirani Mwislamu atuchinjie kuku. Hatukuwaambia habari ya matanga. Nani angekuwa na mdomo wa kusema?

Tulipokuwa tunakula, Népomuscène alimwomba Mama akushukuru sana wewe. Alisema siku ya Idi alikuwa Kigoma kutafuta dawa, ukamwona sokoni, ukamvuta mpaka kwako, wifi akampakulia pilau mara mbili. Alisema ulimhurumia kwa ajili ya gari, ukamwuliza delko kaificha wapi isije ikaibwa. Naye akakuambia iko sandukuni kwa Mama, ndani ya sanda. Alisema angekuficha nini, na wewe ni mtoto wa nyumba ileile?

Mama alikuwa na kipande cha kuku mkononi. Alikirudisha sahani, akaomba maji ya kunawa.

Gari tuliliacha kwa mwenyewe, tukarudi na basi. Massoudi nilimkuta anakula. Nilipomwuliza hakukana hata kidogo. Alisema mpango ulikuwa wako toka mwanzo, yeye alitumwa tu, na mgawo mlishakubaliana. Alikuwa anasema huku anatafuna, mchuzi unamtiririka kidevuni. Ptuu! Niliinuka nikatoka.

Kaka, wezi wa barabarani naweza kuwaelewa, wana njaa na wana bunduki. Wewe hukuwa na njaa. Ulimkaribisha mtu siku ya Idi, ukamshibisha pilau ili akutajie kitu kilipo, halafu ukamwua kwa simu. Ukamliza mama yako machozi ya uongo, ukamfanya afungue sanda yake kwa mkono wake. Nimekuheshimu tangu nilipokuwa natambaa, na leo kuliandika jina lako kunanitia kichefuchefu. Sina la kukuficha.

Nisalimie wifi, najua yeye alipakua kwa moyo mweupe. Wabusu watoto, waambie shangazi anawapenda. Byamungu na majirani wanakusalimu, hawajui kitu. Nilimwuliza Mama kama ana salamu za kukuletea. Amesema salamu zake kamwachia Népomuscène. Ukizitaka, uende Uvira ukamwombe yeye, na kwanza umweleze alikufaje.

Mdogo wako,
Yasmina binti Tajudini