Wakikuta Patupu

Jumanne, 2 Septemba

Siku ya soko hapa Bwera. Nimepanga madumu ya mawese, nimepangusa faneli, nimehudumia wateja wawili watatu. Halafu siku zangu zikaingia. Kiuno kimekatika. Mguu wa kushoto ganzi. Nimetapika nyuma ya marobota ya mitumba ya Mama Shamimu, jirani yangu wa meza. Akanilaza juu ya robota, akasimama katikati ya meza zetu. Anayetaka blauzi akapata, anayetaka mawese akapata. Hata mtu wa ushuru hakujua kama nipo chini.

Nimeuchoka mwili huu. Tangu shuleni kule Butembo, ng'ambo ya mpaka, ni hivi hivi.

Alhamisi, 4 Septemba

Kasese. Redio ilitangaza kwamba hospitali inatafuta wanawake wanaoumwa sana na hedhi, kwa ajili ya utafiti. Nikaenda. Anayeuongoza ni Daktari Kabugho, Mkonzo wa huku, mdogo kuliko nilivyofikiri. Kinande changu na Kikonzo chake havipishani sana, tukaelewana.

Kumbe ugonjwa una jina. Endometriosisi. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota nje ya kizazi, na kila mwezi inavuja damu isiyo na pa kutokea. Nimelirudia jina hilo njia nzima, mpaka tukapita Kinyamaseke, mpaka nyumbani. Jina refu namna hiyo, na mimi nikiambiwa ni deko.

Akauliza maswali. Kila mwezi unakosa kazi siku ngapi? Nikajibu hakuna. Akaandika. Akasema wale ambao maumivu hayawazuii kufanya kazi wanawekwa kando kwanza.

Basi nimewekwa kando.

Mama mkwe amepiga simu tena. Kwake, mwanamke anayelia tumbo kila mwezi na hazai anafanya makusudi. Paluku, mume wangu, hakunitetea wala hakumjibu vibaya. Alisema tu kama madaktari hawataona kitu, niende Butembo kwa mama yake nikapumzike. Nakujua kupumzika huko. Kaka yake mkubwa alimpeleka mke wake wa kwanza huko kupumzika. Leo ana mke wa pili.

Ijumaa, 5 Septemba

Mama Shamimu kaniuliza habari za Kasese. Nikamweleza. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

“Hakuna siku? Sasa Jumanne nani aliuza mawese yako, malaika?”

Sikudanganya, wallahi wa Mama Shamimu na msalaba wangu. Meza yangu haijawahi kufungwa. Ndiyo maana nilisema sikosi kazi. Nikazunguka kwa wenzangu wa mstari wetu waliokwenda Kasese. Wote walijibu kama mimi. Tumeshikiana meza miaka yote, hadi sisi wenyewe tumesahau kuwa tunaumwa.

Mama Shamimu akachukua simu yangu, akampigia daktari. Anaongea na simu kana kwamba mtu yuko ng'ambo ya mto. Soko zima limesikia habari za hedhi yangu. Nilitaka ardhi inimeze.

Jumanne, 9 Septemba

Daktari amekuja mwenyewe. Sikuamini macho yangu.

Akapita meza kwa meza, bila haraka. Muuza samaki alikuwa anapima maharage. Daktari akauliza mwenye maharage yuko wapi. Akaonyeshwa chini. Mwanamke alikuwa amelala juu ya maboksi, kitenge usoni. Daktari akapiga magoti palepale, na viatu vyake vizuri, akamshika mkono. Akakaa naye hadi wateja wakaanza kuzunguka mbali.

Baadaye akaja akakaa kwenye robota letu. Swali likawa jingine kabisa.

“Mwezi uliopita, nani aliuza kwa meza yako?”

Mstari mzima ulijibu, huyu akimtaja yule. Akasema swali la kwanza lilikuwa baya, na kosa ni lake, na atawauliza upya hata wanawake wa Mweya aliowahoji kabla yetu. Sijapata kumsikia daktari akisema hivyo mbele za watu.

Nimeingizwa kwenye utafiti. Watatoboa karibu na kitovu na kupitisha kamera nyembamba, waone kwa macho.

Jumatano, 24 Septemba

Kesho. Naogopa. Si kisu. Naogopa wakikuta patupu.

Nimesali rozari nikimwomba Mungu niwe mgonjwa. Mungu wangu, nisamehe. Sina ombi jingine.

Jumamosi, 27 Septemba

Upo.

Nilipozinduka swali langu lilikuwa hilo tu, na daktari akasema ugonjwa upo. Nililia hadi nesi akadhani nyuzi zimeachia.

Leo amenionyesha picha. Ndani ya mtu kunang'aa. Sikujua. Pana rangi ya waridi, panameremeta kama bakuli lililooshwa sasa hivi. Na juu yake madoa meusi, kama cheche zimeangukia kitambaa. Utando umevuta kifuko cha mayai cha kushoto ukakigandisha nyuma, upande uleule wa mguu wangu.

Wameondoa walichoweza. Anasema ugonjwa unaweza kurudi. Kuhusu mtoto hakuahidi. Nikamuuliza ugonjwa huu unatoka wapi. Akasema hajui, na duniani kote hakuna ajuaye vizuri, ndiyo maana anazunguka na maswali. Nilishangaa. Mtu anayeona ndani ya tumbo langu, na bado anauliza.

Jumapili, 28 Septemba

Paluku amekuja. Akaishika picha muda mrefu, akaigeuza, akairudisha.

“Hii yote ilikuwa mu tumbo yako?”

Akatoka nje kumpigia mama yake. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia: “Mama, bugonjwa iko. Nimeiona na macho yangu. Haendi Butembo.”

Nilifurahi. Halafu nikakasirika, hasira ya kweli, hata kidonda kikapwita. Miaka yote nilimwambia kwa kinywa changu. Alipoingia nikamwambia hivyo hivyo. Alikaa mwisho wa kitanda akitazama viatu vyake, na mimi sikumhurumia.

Jumatano, 29 Oktoba

Siku zangu zimeingia asubuhi. Mwezi uliopita kidonda kilichanganya kila kitu, kwa hiyo leo ndiyo ya kwanza ya kuhesabika. Nikajilaza nikayangoja maumivu. Yakaja, madogo, ya kukunja uso tu. Nikangoja mengine.

Mchana nikaamka. Nimefua. Nimekaa mlangoni nikichambua maharage, nikitazama watu wakipita, jua likisogea ukutani taratibu. Sikujua siku kama hii nayo ina mchana mrefu hivi.

Paluku amerudi mapema. Akauliza kama inauma. Nikasema kidogo.

Akavua koti, akaenda kuchemsha maji ya kunikanda kiuno.